Uso wa Maalim Shabani

Niliondoka Tarakea asubuhi moja ya ukungu bila kuaga mtu na bila kujua ninakoelekea. Nilikuwa nalala kwenye banda la fundi wangu wa mabango, karibu kabisa na mpaka, na nilipoamka nilisikia lori la maharage likinguruma nje, dereva akimfokea tandiboi wake kwa kufunga turubai ovyo. Sikuwa na ugomvi na yeyote. Nilikuwa na miguu tu, na miguu yangu haijapata kusikilizana na kitanda. Nilichukua brashi zangu, kopo la rangi nyeusi lililobaki nusu na shati la pili, nikatoka kumuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema, "Kwani wewe unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Huko huko." Akacheka, akanionyesha magunia kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo nilivyofika karibu kila mahali nilipowahi kufika. Shule nilikwisha kuiacha kabla ya kumaliza darasa la saba, na walioniuliza sababu nilimpa kila mmoja yake. Ya kweli ni kwamba dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita niliona linajua kitu ambacho mwalimu hakijui.

Haya yamenirudia mwezi uliopita, nilipopigiwa simu kwamba Bi Hadija, mama lishe aliyenihifadhi Moshi ujanani, amefariki. Nilikuwa Babati nikipaka rangi nyumba ya mtu. Niliacha ngazi ukutani nikapanda basi. Nilipofika Machame, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo wa mumewe, migomba ilikuwa imejaa watu. Alikwisha kuzikwa siku iliyotangulia, Kiislamu, bila kucheleweshwa, na sasa ndugu wa upande wa Kilutheri walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, vijana wao wamevaa fulana nyeupe zenye picha ya marehemu kifuani, ile picha ya kitambulisho, macho ameyakodoa kama mtu aliyekatazwa kucheka. Binti mmoja akanipa ya kwangu. "Shikamoo babu. Vaa tu, tumechapisha nyingi." Nikaikunja nikaitia mkobani. Nilipoinua kichwa nikaona mzee mwenye kofia ya mkono ananitazama kutoka upande wa pili wa turubai, naye fulana yake ameikunja mapajani vilevile. Alikuwa Rajabu fundi cherehani. Hatukuwa tumeonana tangu tulipogombana, tungali vijana, kwa sababu ya ukuta wa jiko. "Tarakea," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka kwenda msalani tu. "Bado unatembea?" Nikasema bado. "Basi mimi bado nimekaa," akasema, akanisogezea kiti.

Lile lori lilinishusha Moshi mjini jua likiwa kali, nikafuata harufu ya supu mpaka Njoro. Bi Hadija alikuwa anauza supu na chapati mbele ya nyumba yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya korongo, na mgahawa wake haukuwa na jina. Nilikula, nikamwambia mgahawa usio na bango ni kama mtu asiyeitika akiitwa. "Maneno unayo," akasema, "viatu ndiyo huna. Haya, andika, tuone." Niliandika jina lake kwa herufi nyeusi juu ya mlango, na chini yake nikachora kuku, na kwa kazi hiyo nikapewa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya magunia ya mkaa. Nilidhani ningelala humo kidogo tu nikaondoka. Nilikaa karibu mwaka mzima, na kwa mtu kama mimi huo ni uzee. Ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa jiko lake, kwa hiyo asubuhi niliamshwa na sufuria, na usiku nililazwa na mazungumzo. Nilijua siku ya utumbo na siku ya makongoro kwa harufu. Jioni, wateja walipokwisha, alipika chakula cha nyumbani, kiburu cha ndizi na maharage kilichopondwa mpaka mwiko unasimama wenyewe, na aliniita nikale bila kuniuliza kama nina njaa. Mumewe ndiye aliyekuwa Maalim Shabani. Mchana alitengeneza majiko ya mafuta ya taa, amekaa kwenye kiti chake cha kamba barazani, mikono imejaa masizi. Baada ya sala ya alasiri alinawa, akarudi kwenye kiti kilekile, na watu wa mtaani wakaja kukaa mkekani kumsikiliza. Uso wake sitauelezea. Sababu mtaiona.

Mimi nilibatizwa, jina langu ni Aloyce, na kanisani kwetu Rombo nilikua nikitazama sanamu ya Mama Maria yenye kidole kilichovunjika. Sikuwa na haja ya kukaa barazani kwa Waislamu. Lakini mwaka ule Maalim alikuwa anasomesha habari za watu waliowaongoza wenzao kwenye masanamu, na mimi nikisikia habari ya mtu aliyepotea, lazima nijue alipitia njia ipi. Ilianza kwa swali la mzee mmoja: kama kila umma uliletewa onyo, nani hasa alikuwa wa kwanza kuuharibu, na alifanyaje? Maalim akasema ni swali zuri, tutawatafuta mmoja mmoja. Nikawa natoka na makopo yangu kukaa kwenye ngazi, najifanya nasafisha brashi. Siku ya Samiri baraza lilijaa. Maalim alieleza jinsi Musa alivyokwenda mlimani akamwacha ndugu yake Haruni na watu, na jinsi Samiri alivyozikusanya dhahabu za wanawake akaziyeyusha, akatoa ndama mwenye kutoa sauti ya ng'ombe. Rajabu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa karibu na hakuweza kunyamaza hata akiwa na pini mdomoni, akauliza, "Maalim, na watu wazima wale waliamini ng'ombe wa dhahabu?" Mzee mmoja akajibu kwa niaba yake, "Walikuwa si Wachaga. Mchaga angeuliza kwanza, anatoa lita ngapi?" Wakacheka mpaka Bi Hadija akatoka jikoni kuona kuna nini. Maalim naye alicheka, halafu akasema msimdharau Samiri. Mjinga hawezi kupoteza umma. Yule alikuwa fundi, na alikuwa na jicho: alidai ameona wasichokiona wengine, akachota ukufi wa udongo kwenye nyayo za mjumbe aliyetumwa kwa Musa, akautia katika kazi yake. "Udongo ulikuwa wa mahali pema," akasema. "Shida ni alikoutia."

Kila mmoja aliyemsimulia alikuwa na kitu cha kupendeza, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Azar, baba yake Ibrahimu, alikuwa mchonga masanamu aliyempa mwanawe bidhaa akauze, na mtoto akapita mitaani akitangaza, nani anataka kitu kisichodhuru wala kufaa? "Huyo ndiye mpiga debe wa kwanza mkweli duniani," Rajabu akasema. Lakini aliyenikaa rohoni ni Amri bin Luhayi, mkubwa wa Maka zama za kale, kabla ya Mtume. Maalim alisema alikuwa mkarimu kuliko wote, analisha mahujaji, anavisha maskini, na watu walimfuata kwa mapenzi, hakuwashika kwa nguvu. Na alikuwa msafiri. Alifika Sham akakuta watu wanaabudu masanamu, akauliza haya ni ya nini. Wakamwambia, tunayaomba mvua tunapata, tunayaomba ushindi tunapata. Akawaomba moja, akarudi nalo nyumbani, likaitwa Hubali, akalisimamisha penye Al-Kaaba. "Kuuliza hakukuwa kosa," Maalim akasema. "Hata kusafiri si kosa. Alileta zawadi." Kisha akageuka akanitazama pale kwenye ngazi. "Na wewe Tarakea, huko unakopita umetuletea nini?" Nikasema, brashi tu, Maalim. "Na kuku," akasema. "Kuku wako ana macho ya hakimu. Watu wanaagiza supu kwa woga." Walicheka tena, nami nikacheka, lakini jioni ile sikuweza kukaa chumbani. Nilitembea mpaka ukingo wa msitu wa Rau nikarudi, nikijiuliza kama mtu anaweza kuwa mbaya kwa udadisi peke yake. Mpaka sasa, nikiingia mji nisioujua na mtu akanionyesha jambo lao la ajabu, namkumbuka Amri akiuliza swali lake kwa adabu.

Habari ya watu wa Nuhu sikuisikia barazani. Niliisikia ukutani. Walikuwa wanakula, Maalim na mkewe, na mimi nimelala chali upande wangu. Alikuwa anamweleza kwamba yale masanamu matano ya zama za Nuhu, Wadi, Suwaa, Yaghuthi, Yauki na Nasri, yalikuwa majina ya watu wema waliokufa. Waliobaki waliwalilia sana. Iblisi hakuja na pembe wala moto, alikuja kama mtu wa msibani, akawashauri waweke kumbukumbu mahali walipokuwa wakikaa wale wema, ili wasiwasahau. Wakaweka, na hawakuabudu. Walikuwa wanawajua. Ni wajukuu walioabudu, kwa sababu walikuta mawe, watu hawakuwakuta. Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. "Sasa kukumbuka ni kosa?" Bi Hadija akauliza. "Nani kasema?" "Wewe hutaki hata kupigwa picha. Ile ya kadi yako ya kazi imefifia imekuwa doa la chai. Ukitangulia, mimi nikukumbuke kwa nini?" "Kwa madeni ya wateja wako niliyoshindwa kukudaia." "Shabani, nakuuliza jambo." "Nikifa," Maalim akasema, "niache nife, Hadija."

Alikufa mvua za masika zilipoanza, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua upesi. Tulimpeleka Machame kwenye kihamba, kwa sababu Mchaga, awe Mwislamu au awe nani, analazwa penye migomba yake. Njia ilikuwa tope tupu, tukamvusha mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, kwa kupokezana jeneza, maji ya baridi kutoka mlimani yakitupiga magoti. Rajabu alilia kama mtu anayegombana. Kaka wa marehemu, Meku Elia, mzee wa kanisa la Kilutheri, alisimama pembeni kwa heshima mpaka dua ikaisha, ndipo akachomeka isale upande wa kichwani. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na kwetu Uchagani ukiletewa jani lake lililofungwa fundo, hata na adui, ombi lake hulikatai. Mtu mmoja wa mjini akanong'ona kama jambo hilo linafaa. Meku Elia akamsikia. "Hapa kila aliyelala ana isale lake," akasema. "Sisi hatuliombi kitu. Ni adabu tu." Rajabu hakupinga. Nadhani alikuwa hana nguvu ya kupinga kitu chochote kilichowekwa juu ya mtu yule kwa upendo.

Mambo yalianza polepole hivi kwamba sijui niseme yalianza lini. Kwanza ni kiti. Siku ya darsa ya kwanza baada ya msiba, Rajabu alikaa mkekani akaacha kiti cha kamba wazi, na hilo lilikuwa sawa, nani angeweza kukikalia? Baadaye kikafunikwa kitambaa, ili kisishike vumbi. Halafu nikaona wazee wakipita wanakiamkia. Mama mmoja wa Pasua mwenye mtoto mgonjwa alipanda Machame akarudi na udongo wa kaburini kwenye kikopo cha maziwa, na mtoto akapata nafuu, na vikopo vikaongezeka. Mimi ndiye niliyekuwa nimesikia habari zile zote nikiwa kwenye ngazi, Mkristo na brashi zake. Nikamwambia Rajabu, "Si alitusimulia ukufi wa Samiri?" Akakasirika. "Unamfananisha Maalim na ndama?" Nikasema sijamfananisha yeye. Akaacha kuzungumza nami siku kadhaa, na aliporudi alikuja na ombi. Watu wa darsa walikuwa wanapungua. Vijana waliokuja hawakumjua Maalim. Ingefaa pawe na picha yake pale barazani, juu ya kiti, picha kubwa ya rangi, na picha hakuna, ila kuna mtu aliyekaa naye nyumba moja na mwenye mkono. "Yeye alikataa," nikasema. "Alitukataza sisi," Rajabu akajibu. "Wewe ni Mkristo. Kwako si dhambi, na sisi hatutakuwa tumechora." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, mtu aliyekaa miaka miguuni pa Maalim, na nikaona kwamba haoni.

Nilikataa. Kesho yake alirudi, akaniwekea kitu juu ya gunia la mkaa. Lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo. Nilisimama. "Umelikata wapi hili?" "Kichwani pake." "Rajabu, una wazimu? Unaniletea isale la kaburi la Maalim nimchoree Maalim?" "Wewe ni mtoto wa Rombo," akasema. "Unajua maana yake. Litupe basi, kama unaweza." Sikuweza. Wala sikuweza kulitazama. Nililitia kwenye kopo la maji kama mtu anayetunza ua, nikatoka nje, nikazunguka soko la Mbuyuni mara nyingi bila kununua kitu. Niliporudi Bi Hadija alikuwa amekaa kizingitini kwangu, kanga imemfunika mpaka kwenye paji. Nilidhani amekuja kumtetea Rajabu. "Sijui habari za picha ya barazani," akasema. "Mimi nina shida yangu. Upande wake mmoja umeanza kunipotea." Sikuelewa. Akagusa shavu lake mwenyewe. "Huku. Namkumbuka akigeuka, halafu huku pananipotea. Miaka yote ile, Aloyce, na sasa shavu zima silioni. Ikifika kesho litakuwa jicho." Yule mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya korongo alikuwa anasema kwa kunong'ona. Nikamwambia nitamchorea yeye peke yake, kwa mkaa, jikoni, si kwa rangi na si barazani. Tulikubaliana kwamba hilo ni jambo jingine.

Tulifunga mlango asubuhi ambayo hakupika supu. Alikaa kigodani, nami nikachora kwenye ukuta wa chokaa mbali na meko, kwa kipande cha mkaa kutoka gunia nililolilalia. "Mashavu hayakujaa hivyo, hiyo ni njaa yako wewe," akasema. "Nyusi hiyo ipandishe. Alikuwa kama anakusikiliza kwa nyusi." Nikafuta kwa kiganja nikachora upya. Akanizomea, akanisifu, akacheka nilipomfanya ana masikio ya mbuzi. Kisha ikatokea ile hali ambayo kila mchoraji anaijua, mstari mmoja ukakaa, na ukuta ukawa mtu. Bi Hadija akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akasema, "Shabani," kwa sauti ya kumwita mtu aliyechelewa chakula. Nilitoka nikamwacha. Sitaki kusema kwamba sikufurahi. Sijawahi kuchora vizuri kama vile, kabla wala baada. Asubuhi iliyofuata nilipoingia kuomba maji nikakuta kikombe cha Maalim, cha chai ya tangawizi, kimewekwa chini ya ukuta, kimejaa, kimepoa. Hakunieleza kitu, nami sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Jiko la mama lishe si mahali pa siri. Msaidizi wa kuosha vyombo aliona, akasimulia, na kabla wiki haijaisha wateja walikuwa wanapitia mlango wa nyuma kuja "kumsalimia Maalim." Rajabu aliingia mara moja, akasimama mbele ya ukuta bila kupumua, akanishika bega akasema, "Mungu akulipe," kisha akakileta kile kiti cha kamba kutoka barazani akakiweka chini ya picha. Yule mama wa Pasua alikuja na mtoto wake, aliyekuwa ameanza tena kuugua. Bi Hadija alikuwa anakoroga supu, mimi nakata vitunguu. Mama akapitisha kidole kwenye ndevu za ukutani, taratibu kama anayemfuta mtu uji, akampaka mtoto masizi kwenye paji la uso. Mwiko wa Bi Hadija ukasimama. Hakumkemea. Alimpa supu, akampa na pole, akamshauri kwa upole amrudishe mtoto hospitali, akamfungia chapati za njiani. Walipoondoka akakaa. "Nifumbe macho nikuambie ninachokiona?" akaniuliza. Akafumba. "Mkaa. Upande wote upo sasa, hakuna kilichopungua, na wote ni mkaa. Ulipochora nilikuwa nimebaki na nusu ya Shabani. Sasa nina picha yako nzima." Akafumbua. "Kalete chokaa."

Alipaka mwenyewe. Mimi nilishika ndoo. Mkaa ni mbishi: mkono wa kwanza wa chokaa ulipokauka, uso ulikuwa bado unatutazama kupitia weupe, kama mtu aliye ndani ya maziwa, na ulikuwa mzuri zaidi kuliko kabla. Mkono wake ukasita. Akapaka tena, akiongea naye kwa Kichaga maneno ambayo sikuyasikia vizuri, Kimachame si Kirombo, ila nilisikia kwamba anagombeza. Rajabu aliingia wakati limebaki jicho. Nilidhani atampiga mtu. "Mama! Unamzika mara ya pili!" "Mara ya kwanza mlimzika nusu," Bi Hadija akasema bila kugeuka. Rajabu akanigeukia mimi, akaniita mhuni, akaniita kafiri, akaniambia kama nina haya nitamchora Maalim upya ubaoni leo hii, kwa sababu isale lake bado liko kwenye kopo langu na sijalijibu. Nikamwambia nimekwisha kulijibu, jibu lilikuwa pale ukutani, limepakwa. Tulishikana mashati. Bi Hadija ndiye aliyetuachanisha, mikono yake ya chokaa ikatuacha wote weupe kifuani. Siku ya matanga yake mwezi uliopita, nilimkumbusha Rajabu jambo hilo chini ya turubai. Akalipiga goti lake. "Ungenichorea ule ubao," akasema, "unajua leo ningekuwa nani? Ningekuwa nimekaa mlangoni nashika kikapu cha sadaka, nina tumbo hili hapa." Halafu akatazama migomba. "Lakini nilitamani, Tarakea. Wallahi nilitamani. Mpaka leo." Nikasema na mimi pia.

Usiku ule wa chokaa sikusikia mazungumzo ukutani, kwani hapakuwa tena na wa kuzungumza naye, hata ukutani. Kulipopambazuka Bi Hadija aligonga mlango wangu, akanipa chapati zilizofungwa kwenye gazeti. "Nenda, mwanangu," akasema. "Sikufukuzi. Ukikaa nitakuomba tena. Leo naweza kusema hivi, Ijumaa ijayo sijui kama nitaweza, na wewe huwezi kuninyima." Nilijua anasema kweli. Uso ule haukuwa tena popote duniani ila kwenye mkono wangu wa kulia, na wako watu wengi waliokuwa tayari kuutoa humo kwa upendo, yeye akiwa wa kwanza. Nimeondoka mahali pengi kwa kuchoka au kwa kutamani pengine. Njoro ndipo pekee nilipoondoka kwa sababu ya kumsaidia mtu. Nilimwachia lile isale akalirudishe mwenyewe lilikotoka, nikachukua brashi, nikashuka barabara ya bondeni mpaka nikapata trekta lenye tela tupu linarudi kwenye mashamba ya mpunga. Dereva hakuniuliza kitu. Nilikaa nimeupa mlima kisogo. Joto likaongezeka, udongo ukawa mweusi, mifereji ikaanza kumeta kila upande, na mtu mmoja akasema tumefika Kahe.

Niliuliza chumba kwenye nyumba ya kwanza yenye mlango wazi. Mwenye nyumba alikuwa mjane, majirani walimwita Mama Anande, mwanamke mrefu aliyekuwa anapepeta mchele uani. Akanionyesha chumba: kitanda cha kamba, chandarua chenye viraka, kuta zilizopigwa lipu karibuni, safi, hazina alama hata moja. Nikasema kinanifaa. Akaona brashi zikichungulia kwenye mkoba. "Wewe ni mchoraji?" "Naandika mabango, mama. Herufi." "Mwenye kuandika herufi hashindwi kuchora." Akaweka ungo chini. "Mimi marehemu wangu aliondoka bila kuacha picha hata moja. Alikuwa msimamizi wa mfereji huu, kila mtu hapa alimjua. Nikikueleza alivyokuwa, utaweza?" Nilihisi mkono wangu ukijibu kabla yangu. Niliutia mfukoni. Nikamwambia kabla ya yote nataka kujua jambo moja, alikuwa akicheka anachekaje? Mama Anande akanikazia macho, akidhani ninamdhihaki. Kisha midomo yake ikaanza kumshinda. "Yule?" akasema, akavuta kigoda. "Yule alikuwa hawezi kucheka bila kushika kitu. Kuku, jembe, mtu asiyemjua, chochote kilicho karibu." Akanidaka mkono juu ya kiwiko kunionyesha, kwa nguvu, akaangua kicheko ambacho hakikuwa chake, na hakuniachia mpaka alipokimaliza.